Mama Vitasa na Mlango wa Sonara

Mama Vitasa alikuwa na kibanda chembamba kati ya duka la viatu na duka la dawa, na kwa ulimi hakuwa na mpinzani. Ukimpelekea kitasa kibovu, kwanza atakusema, ndipo akutengenezee. Sharti lake halikuwa na mjomba wala shangazi: hafungui mlango wa mtu mpaka mwenyewe awepo. Mama mkwe wake aliwahi kumbembeleza amfungulie kabati la mzee. Aliambulia chai tu.

Kazi hiyo alimfundisha mdogo wake, kitinda mimba aliyemlea tangu anatambaa. Vidole vya kijana vikawa vyepesi kuliko vya dada, na hapo ndipo balaa lilipoingia, maana Mkubwa alimwona. Mkubwa na dereva wake waliishi kwa wizi kama wengine wanavyoishi kwa ualimu. Walikuwa na utaratibu wao: wakishachukua, mlango hufungwa tena kama walivyoukuta, mwenyewe asishtuke mapema. Mara mbili kijana alifungwa, na mara zote mbili hakumtaja Mkubwa. Dada alilia, akatukana, akampelekea sabuni gerezani.

Jumapili moja mchana dereva alimkuta anafua.

"Dada, mdogo wako yuko ndani ya stoo ya sonara. Mkubwa kamfungia."

"Kamfungia vipi?"

"Makusudi. Alisikia anataka kuacha kazi. Kijana kaingia kuchukua kisanduku cha mwisho, Mkubwa karudisha mlango, kazungusha ufunguo wetu wa bandia, kauvunjia humo humo. Mimi nikaambiwa niendeshe." Akafuta jasho. "Nimeshindwa, dada. Mle hamna hata tundu la hewa."

Alilijua hilo, kitasa kile alikitia yeye.

"Twende ukamtoe, tuondoke. Nani atajua?"

Tuseme ukweli, wengi wetu tungekwenda mbio, sharti baadaye. Yeye alibeba mkoba wa zana, povu bado mikononi, akamwamuru dereva ampitishe kwanza nyumbani kwa sonara, mtaa wa pili. Alimkuta mezani anakula.

"Mzee, mdogo wangu kakuibia, na sasa anakufa ndani ya stoo yako. Inuka."

Mzee aliinuka na tonge mkononi. Walipofika dukani dereva hakuzima hata gari, aliwashusha akatokomea. Ufunguo wa sonara ulikataa kuingia. Mama Vitasa akapiga magoti, akaanza kuchokonoa kile kipande kilichovunjika.

"Usilale!" alifoka kwenye chuma. "Nikikukuta umelala nitakuchapa!"

Ndani kimya. Alifoka tena, lakini vidole havikuacha. Kipande kikatoka. Mlango ulipofunguka kijana alimwangukia mapajani, akivuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Dada akamchapa kofi, kisha akamkumbatia.

Sonara aliita polisi. Ilikuwa haki yake. Kituoni, afande alimtazama Mama Vitasa juu hadi chini.

"Kumbe ndiye aliyekufundisha," alimwambia kijana. "Huyu naye analala ndani leo."

Kijana, ambaye afande yuleyule alikuwa ameshamhoji mara mbili bila kupata neno, aliburuta kiti mpaka mezani.

"Andika, afande. Nakutajia Mkubwa, jina na nyumba. Lakini dada yangu aende nyumbani, hajamaliza kufua."