Sauti Kwenye Simu ya Mzee Wangu

Mimi shule niliachia darasa la pili, nikaenda kulea wadogo zangu. Mzee wangu, baba wa watoto wangu, ndiye aliyesoma mpaka chuo cha ualimu, na huko alirudi na diploma na rafiki watatu. Diploma ililiwa na mchwa. Rafiki hawakuliwa na kitu. Walioa, walihamishwa, walikimbia vita, wakarudi, wakapata pensheni, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi walikuwa kwangu, mtaani Mutanga Nord. Walipanga viti kama walivyokaa darasani: wawili mbele, wawili nyuma. Wazee wenye mvi! Wa nyuma wanawacheka wa mbele kwamba walikuwa wanajipendekeza kwa mwalimu. Mimi jikoni, na maharagwe yangu ya mawese na ndagala, vile visamaki vya ziwani, nasikia yote.

Mzee alipofariki hawakuacha kuja. Msiba wote walikuja, kiti chake wakakiacha wazi. Halafu tukaganduka, yaani tukamaliza kilio kwa desturi yetu: watu wanakuja, wanakunywa, familia inaachiliwa irudi kuishi. Jumapili yetu iliyofuata nikapika. Hakuja hata mmoja. Yale maharagwe niliyala mpaka Jumatano.

Nyumba iliyozoea watu kubishana ikinyamaza, unasikia hata friji. Nikajisemea, kumbe walikuwa rafiki za mzee tu. Mimi nilikuwa sufuria.

Sasa, simu ya mzee ninayo mimi. Mjukuu wangu, yule anayesomea udaktari (sijisifu, ni kweli tu), alinionyesha pa kubonyeza ili sauti zitoke. Wale wazee wana kundi lao humo, na kwa kuwa macho yao yamekwisha, hawaandiki, wanasema. Mzee hawakumtoa kundini. Nani angeweza kumfukuza? Ila walisahau kwamba simu haikuzikwa naye.

Ijumaa moja, Jumapili yetu ikikaribia tena, nikabonyeza.

"Jamaa," alisema yule mrefu, aliyekuwa mkuu wa shule, "Jumapili tukutane tena kwenye kabare ya Rohero, tunywe bia pale. Shemeji ameshaganduka, tumuache apumzike. Tusimutese na masufuria."

Mwenzake wa mstari wa mbele akajibu: "Ni kweli, mama wa watu amechoka. Lakini nyama za brosheti za pale ni ngumu, na meno yangu mnayajua."

Wa tatu, aliyekaa dawati moja na mzee wangu, alikohoa kwanza. "Mi sijui. Mara ile nilikaa nyuma peke yangu kama mutoto aliyepewa adhabu."

Nikabonyeza pa kusemea. Sikufikiri.

"Nyinyi wazee hamna akili! Nani amewaambia nimechoka? Kuganduka ni kuacha kulia, si kuacha kula. Nimefiwa mara moja, mnataka nifiwe tena? Jumapili napika. Asiyekuja, asije hata kunizika."

Yule mrefu akauliza: "Ni... ni nani anasema?"

Maskini, kwenye simu yake lilitokea jina la marehemu, na picha yake amevaa kofia, anacheka. Baadaye alikiri kwamba simu aliitupa kitandani akafanya ishara ya msalaba.

"Ni sufuria," nikamjibu.

Jumapili walifika wote na kreti ya bia, wamevaa makoti kama wanakuja kuposa. Yule mrefu akasimama mlangoni. "Shemeji, sisi tulikuwa tunakuheshimu tu..."

"Heshima hiyo ipeleke Rohero. Kaa."

Wakakaa, wawili mbele, mmoja nyuma. Yule wa nyuma akapigapiga kiti cha mzee wangu. "Shemeji, njoo hapa."

"Nina sufuria motoni."

"Uzime."

Nikauzima, nikakaa. Miaka yote nilikuwa nawasikia wakicheka huku nyuma, sikujua wanacheka nini. Kumbe kutoka pale unaona visogo vya wa mbele vyote viwili, na cha yule mrefu kina upara wa duara, unang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Nikamwambia.

Akaushika kwa mkono, akaangalia dari. "Mwalimu!" akaita. "Wa nyuma wameanza tena!"