Safari Iliyopimwa kwa Sala

"Mama, eti Jeddah mpaka hapa kwetu Lombok ni mbali kiasi gani?" Mama Rahnep alimwuliza siku moja jirani yake, muuza kahawa wa uwanja wa ndege wa kisiwa hicho cha Indonesia. Muuza kahawa hakutaja kilomita. Alihesabu kwa vidole vyake vilivyobabuka kwa maji ya moto: "Ukiswali Isha kule, Alfajiri inakukuta angani, Adhuhuri uko Jakarta, Alasiri unakunywa kahawa yangu." "Wewe nawe! Hata safari ya watu unaimalizia kwenye biashara yako!" Naye akacheka kwa sauti ya chini; alikuwa na kawaida ya kuinua macho kila ndege inapotua, huku mkono ukiendelea kukoroga kikombe kilichokwisha korogeka. Binti yake alikuwa Jeddah, akifanya kazi za ndani.

Usiku mmoja binti huyo alipanda ndege aje kumwuguza baba yake aliyezidiwa na maradhi. Alfajiri baba akafariki. Imamu akasema maiti haicheleweshwi, watazika baada ya Adhuhuri. Muuza kahawa, sasa mjane, akasimama mlangoni, akikunja vidole kimoja kimoja, akakishika cha nne, cha Alasiri, asikiachie.

"Shehe wangu, naomba sala moja tu. Mzikeni baada ya Alasiri. Mtoto bado yuko angani, hajui."