Wimbo wa Shamba la Bondeni

Juzi nimeshuka jukwaani hapa Morogoro mjini, dada mmoja akanishika mkono. Eti nyimbo hizi za ardhi na haki za wanawake nilijifunzia wapi? Nikacheka, nikamjibu, "Nyumbani." Ningemwambia nini, jamani? Kwamba wimbo wangu wa kwanza ndio uliotupotezea shamba?

Baba alikuwa Mnyasa, fundi wa kiwanda cha sukari, akipiga gitaa na kuimba kwa lugha ya kwao. Likizo nilipelekwa kwa bibi mzaa mama, juu Uluguru, nikaimba Kiluguru. Mpaka leo nachanganya zote na Kiswahili, kuzitenganisha siwezi.

Bibi alikuwa na sauti, we acha tu! Ukungu haujaondoka, wanawake wa ukoo wanashuka bondeni na majembe, magimbi ya kuchemsha kwenye kapu, udongo unanukia mvua. Majembe yakipanda, bibi anaanzisha. Yakishuka, wenzake wanaitikia. Humo ndimo walimosemea yote yaliyowakera. Kwetu aliyeimbwa shambani haruhusiwi kukasirika, na aliyeimba haruhusiwi kuyarudia nyumbani.

Msimu ule waliimbwa mjomba wangu na tamaa yake. Shamba lile lilikuwa la akina mama, la ukoo, lakini yeye ndiye mkubwa wa ukoo, na alitaka kumuuzia mtu wa mjini. Alikuwa akipita njia ya juu, anasikia, anajifanya anakagua migomba. Mwezi ukaisha hajauza.

"Yanamwingia huyo," bibi akasema. "Mwacheni."

Mimi sasa, na kiherehere changu cha miaka tisa! Mjomba akaja na mgeni kula. Nikawanawisha mikono, nikaweka ugali na maharage, kisha kwa kutaka sifa nikauimba wimbo wote, na jina lake nikalitia. Mgeni akaangua kicheko. Mjomba akarudisha tonge sahanini.

"Mama, ndivyo mnavyomfundisha mtoto? Mbele ya mgeni?"

Akaondoka. Wiki ile ile shamba likauzwa.

Bibi hakunipiga. Afadhali angenichapa, ningelia yakaisha. Ila sikumsikia akiimba tena. Nimeimba mbele ya watu wengi tangu hapo, lakini ningetoa makofi yao yote nipate asubuhi moja tu ya ukungu ule.

Mwaka huu nikapanda kwake na simu ya kurekodi, maana nimebakiwa na beti mbili tu za wimbo ule.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu."

Nikamwomba aniimbie. Akaniangalia mikono.

"Jembe lako liko wapi?"

Nikakimbia nyuma ya jiko, nikalileta. Akaupapasa mpini taratibu, akanirudishia.

"Haya. Tunalima wapi?"

Chini bondeni pana ukuta mrefu na geti jeusi. Tukakaa kizingitini tunautazama, mimi na jembe langu mapajani.