Usimwambie Akae

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye sherehe ya ubatizo, katika ukumbi mmoja pale Lidcombe, hapa Sydney, Australia, nimeshika sahani ya bugali na sombe, kisamvu chetu, nikamsikia mjomba wangu akimshauri binti yake. Binti anataka mbwa. Alikuwa amepata picha ya mmoja kutoka kituo cha mbwa waliotelekezwa, na alikuwa akimwonesha baba yake kwenye simu. Mjomba hata hakuitazama.

"Usiniletee mbwa wa mitumba nyumbani," alisema, na meza nzima ikacheka. "Hujui ametoka wapi, amepigwa na nani, ana wazimu gani. Ngoja nikutafutie mtoto wa mbwa kwa mfugaji, mwenye karatasi zake."

Mimi sikucheka. Chakula kilinishinda. Maneno hayo hayo aliyasema jikoni kwetu Minto wakati wa korona, nilipokuwa mtoto, na siku hiyo bibi yangu alikuwepo kumjibu. Jumamosi hapakuwa na wa kumjibu. Basi wacha nikueleze wewe, rafiki yangu, maana sijapoa mpaka leo.

Unaikumbuka ile miezi ya kufungiwa. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali, ya serikali, mwisho wa barabara. Shule ilikuwa kwenye kompyuta mezani, na helikopta ya polisi ilizunguka juu yetu mchana kutwa kana kwamba tumeiba kitu. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Akirudi alivua sare yake nje, kwenye kibanda cha kufulia, akaingia ndani ananuka dawa ya mikono. Kazi yangu ilikuwa kumwagilia bustani ya bibi nyuma ya nyumba, lengalenga, yaani mchicha, na maharage, na kuchambua mboga kabla jua halijawa kali.

Babu alifia hospitali kwa korona. Hatukuruhusiwa kumwona. Siku ya mazishi bibi naye alikuwa na ugonjwa huo huo, tukazuiwa ndani sote, tukamzika babu kwa simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari. Mjomba alikuwa kule makaburini ameshika simu yake, na upepo ulivuma tukashindwa kumsikia mchungaji.

Baada ya hapo bibi alinyamaza. Aliendelea kupika, na sahani ya babu aliendelea kuipakua, akaifunika kwa kawa, lakini yeye mwenyewe hakula. Nguo zilianza kumpwaya. Jioni moja mama alinivuta kwenye korido akaniambia kwa sauti ya chini, "Bibi yako anamfuata babu. Nami sijui nimshike na nini."

Ndipo wazo la mbwa likaja, kwa sababu bibi na babu waliwahi kuwa naye. Kwao Kongo, milimani juu ya Ziwa Tanganyika, mbwa wao alifukuza nyani kwenye mihogo, shingoni amevaa kengele ya mti. Vita vilipofika walikimbia naye mpaka ziwani. Mtumbwi ulijaa watu. Babu akamwambia mbwa, "Kaa." Akakaa. Bibi alinisimulia hayo mara moja tu, akichambua maharage, na alimalizia hivi: "Hakutufuata majini kwa sababu aliambiwa akae. Mpaka tunaacha kumwona, alikuwa amekaa."

Mjomba alikuja na picha kwenye simu. Watoto wa mbwa wenye manyoya ya kujikunja kama wana-kondoo, kila mmoja ndani ya kikapu chake. Mfugaji alikuwa huko mashambani, na wakati ule kila mtu Sydney alitaka mbwa, kwa hiyo bei ilikuwa ya kutisha. Mjomba alikuwa tayari kuitoa, hilo simnyimi.

Bibi alivaa miwani akazitazama picha zote.

"Mama yao yuko wapi?" aliuliza.

"Mama wa nani?"

"Wa hawa watoto."

Mjomba akacheka. "Mama, mimi nanunua mtoto. Mama yake wa nini?"

Bibi akamrudishia simu. Mama akasema labda twende kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa, na hapo ndipo mjomba alipoyatoa yale ya mitumba. Hujui ametoka wapi, amepigwa na nani. Bibi, ambaye kwa wiki nyingi hakuwa amesema zaidi ya ndiyo na hapana, aliweka mwiko chini.

"Na wewe walipokuchukua kutoka kambi ya wakimbizi, walijua umetoka wapi? Walijua umepigwa na nani?"

"Mama, mimi si mbwa."

"Sijasema wewe ni mbwa. Nasema maneno hayo nayafahamu. Yalisemwa juu yetu, na wewe ulikuwa mgongoni kwangu."

Mjomba alichukua funguo za gari akaondoka bila kunywa chai.

Amri zilipolegea kidogo tukaenda, tumevaa barakoa. Vizimba vingi vilikuwa vitupu. Watu walikuwa wamechukua wadogo na wazuri wote, wakabaki wazee na wabaya. Waliobaki walituona wakarukia wavu, wakabweka, wakatikisa mikia. Bibi alipita polepole huku ameukaza mkono wangu. Nilidhani anaogopa. Baadaye aliniambia kwamba alikumbuka kambini Kigoma, siku za kuhojiwa na waliochagua watu wa kuletwa huku, alivyowapaka watoto wake mafuta na kuwaambia wasikohoe.

Kwenye kizimba cha mwisho palikuwa na mbwa mkubwa wa kahawia, uso umeota mvi, sikio moja limechanika. Hakubweka wala hakuja kwenye wavu. Alikuwa amekaa, anatazama mlango. Mfanyakazi alisema wenyewe walihama nyumba wakamwacha uani.

Bibi alisogea mpaka kwenye wavu. "Huyu aliambiwa akae," alisema. Kisha akapiga magoti kwenye saruji ile yenye maji akamwita kwa Kiswahili, "Twende, mzee."

Basi akaitwa Mzee. Sitakudanganya kwamba alikuwa mbwa wa ajabu. Alinuka. Alikojolea mlango. Akiona fagio alijificha chini ya meza, na ikabidi bibi afagie Mzee akiwa nje. Lakini kabla ya kumlisha Mzee, bibi alionja chakula kuona kama kina moto, na kwa kuonja huko akaanza kula. Sahani iliyokuwa ya babu ikawa ya Mzee. Mama alilia kwa hilo, kisha akacheka.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kisamoa, alipenda kucheza naye juu ya uzio. Siku moja alimwamuru kwa Kiingereza, "Kaa!" Bibi akatoka mbio na mwiko mkononi, unga unadondoka.

"Mwambie asimwambie akae!" aliniamrisha nitafsiri. "Mwambie aseme njoo, aseme twende, aseme lolote. Hilo hapana."

Nikatafsiri. Jirani akainua mikono yote miwili. "Mwambie bibi yako asinipike na mimi," alisema, na tangu hapo hata yeye alimwambia Mzee "twende," kwa lafudhi yake.

Mjomba aliwanunulia wanawe yule mtoto wa mbwa mwenye karatasi. Dunia ilipofunguliwa akarudi kazini ghalani, wanawe shuleni, na mbwa akashinda peke yake anakwangua mlango. Kabla hajamaliza kukua walimtoa, wakampa mtu waliyempata kwenye mtandao. Bibi alimuuliza kila alipokuja, "Yule mtoto yuko wapi?" Mjomba alijibu, "Yuko pazuri, Mama." Hakujua. Na hakuna aliyejua. Mimi sina ugomvi na anayenunua kwa mfugaji anayekuonesha mama wa mbwa na banda lake. Ugomvi wangu ni na mtu aliyemtupa mwenye karatasi, halafu leo anasimama ukumbini anawacheka waliotupwa.

Bibi alifariki mwaka jana. Nyumba ya Minto imebomolewa, zimejengwa mbili mahali pake, na palipokuwa na lengalenga pana saruji. Jirani alihama. Wimbo wa bibi wa asubuhi, harufu ya maharage, kucha za Mzee sakafuni, vyote vimekwenda.

Siku gari la wagonjwa lilipomchukua bibi, Mzee alikuwa kipofu karibu kabisa. Bibi, kwenye kitanda chao cha magurudumu, alitoa mkono akamgusa lile sikio lililochanika. Alisema, "Twende, mzee," ingawa alijua hawezi kwenda naye.

Gari likaondoka. Mzee akatembea mpaka getini akipapasa kwa pua, akageukia barabara, akakaa. Hakuna aliyemwambia.