Siku Mama Alipoingia Kizimbani kwa Papa

Kaka yangu alipotupigia simu kutuambia kuwa amepata kazi kwenye mashua ya watalii huko Afrika Kusini, mama alifurahi sana. Furaha hiyo ilidumu mpaka alipouliza hao watalii wanapelekwa kuona nini.

"Papa, mama. Wale wakubwa, papa weupe. Watu wanashushwa majini ndani ya kizimba cha chuma, papa anapita mbele yao, wanamwangalia, basi."

Mama alikuwa anaanika tangawizi uani. Aliiweka simu juu ya turubai na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyempeleka huko. Kwetu ni milimani, juu ya Same. Maji mengi tunayoyajua ni ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, na humo mkaaji mkuu ni chura. Tangu siku hiyo, kila alipopewa nafasi ya kuomba kanisani, mama alimwombea mzaliwa wake wa kwanza aache kazi ile. Usharika mzima ulijua. Hata mjini Same, ninakouza kwenye duka la dawa, wanakwaya wenzake walikuwa wakija kununua panadoli wananiuliza, "Kaka yako bado yuko na wale wanyama?"

Kaka akaoa hukohuko, akapata mtoto, akatutumia tiketi mimi na mama tukamwone. Mama alikubali haraka mno, nikashangaa. Tulipokuwa angani ndipo aliponiambia, "Mjukuu nitambeba. Lakini mimi ninakwenda kumrudisha mwanangu nyumbani."

Na kweli, hatukukaa sana kabla hajamwambia kaka, mezani, mbele ya mke wake. "Shamba la baba yako lipo, limekaa tu. Rudi."

Kaka hakubishana. "Mama, kwanza njoo uone ninachofanya. Ukishaona, ukiniambia nirudi, nitafungasha."

"Nitaona nikiwa wapi?"

"Kwenye mashua, umekaa vizuri."

"Nikikaa kwenye mashua nitakuwa nimeona nini? Nitaingia humo kwenye kizimba."

Nilicheka. Nilipoona hakuna mwingine anayecheka nikanyamaza. Mama yangu ana wajukuu wanaosoma sekondari, na goti lake moja humsumbua akishuka mteremko. Kaka alimweleza kuwa maji ni baridi kuliko chochote alichowahi kukigusa, na kwamba siku hizi papa weupe wamekuwa adimu pwani ile, tunaweza kurudi bila kumwona hata mmoja. Mama akasema atasubiri. Na kwa kuwa nisingeweza kurudi Same nikaeleze kwamba nilimwacha aingie peke yake, nami nikasema nitaingia.

Suti ya mpira ya kuzuia baridi ilitutoa jasho. Wifi yangu alivuta mguu mmoja, mimi mwingine, mama akishika nguzo ya mashua na kulalamika kwa Kipare. Ilipomwenea, akajitazama jinsi ilivyombana, akajifunga kanga juu yake. Nahodha alikubali, ila aivue kabla ya kushuka.

Tulisubiri mno. Mashua ilipanda na kushuka mahali palepale huku wakimwaga baharini mchuzi wa samaki uliooza ili harufu imvute papa. Watalii wakaanza kutapika. Mama alitoa vipande vya tangawizi kwenye mkoba wake, akawapitishia mmoja mmoja, nao wakapokea bila kuelewa neno lake hata moja.

Kisha kaka akapiga kelele juu ya paa la mashua na kunyoosha mkono. Niliona kivuli kikipita chini yetu, kirefu, bila haraka. Mama alikuwa ameshavua kanga.

Kizimba kilifungwa ubavuni mwa mashua, vichwa vyetu vikabaki juu ya maji. "Shikeni chuma cha ndani, msitoe mkono nje," kaka alituambia. "Nikisema sasa, vuteni pumzi, zameni." Nikakishika chuma cha ndani. "Sasa!"

Chini kulikuwa na ukungu wa kijani, kisha ukungu ukawa mnyama. Mgongo ulikuwa wa kijivu kama mwamba uliolowa mvua, tumbo jeupe kabisa. Alipita karibu kiasi kwamba niliyaona makovu puani mwake, na jicho lake jeusi likatuangalia sisi wawili, likaendelea na safari. Mama alikuwa amenibana mkono. Ghafla akaniachia. Nikamwona akisogeza uso wake karibu na vyuma, amfuate kwa macho. Papa akageuka, mkia wake ukagonga kizimba, chuma kikatetemeka mpaka kwenye meno yangu.

Tulipoibuka nilikuwa nalia, nacheka, sijui. Mama alikuwa anapiga kelele, "Yuko wapi? Yuko wapi? Turudi chini!"

Tulirudi chini tena na tena. Alipotolewa, watu wote kwenye mashua walimpigia makofi, na mmoja wa waliokuwa wakitapika akaja kumkumbatia. Kaka alimzungushia kanga mabegani.

"Haya, mama. Nifungashe?"

Mama alitetemeka hadi maneno yakamkatika. "Hicho kizimba... nani alikichomelea?"

"Mimi, mama."

Alikigeukia kile chuma. "Nilidhani unacheza na kifo," akasema. "Kumbe Mungu ameweka mnyama kama yule humo baharini, na wewe ndiye unayewaonyesha watu. Ukirudi, nani atawaonyesha?" Kaka aliinamisha kichwa begani kwake, mwanamume mzima, mbele ya nahodha wake.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, mama alisimama kanisani akatoa shukrani, akaketi. Nje wenzake wakamzunguka, wakitaka kujua papa ana ukubwa gani. Mama aliweka mkoba wake mlangoni pa kanisa, akasema, "Pua yake iko hapa," akaanza kutembea. Aliupita mti wa parachichi, akaipita pikipiki ya mchungaji, wanawake wakimfuata nyuma wakisema basi, basi, yeye akiendelea tu, goti lake halimsumbui kabisa.