Dirisha la Upande wa Mlima

Mama alinipa shamba lake la viazi la juu, lile linalopakana na njia ya watembezi kwenye ukingo wa msitu, nijenge kibanda cha kukodisha wageni. Sharti lilikuwa moja. Mvua ikikaribia angekuja kukitazama, na asiporidhika, mbao zing'olewe, viazi virudi. Shamba hilo ndilo lililonisomesha. Niliogopa, nikakubali.

Huku juu ya kijiji cha Kiirua, mlima ni baridi, si mandhari. Nyumba zetu huupa mgongo na kufungua mlango uani, ili anayepika amwone anayekuja. Nami mjuaji nikajenga hivyo hivyo: dirisha moja kubwa, likitazama jiko la Mama. Nilisema mgeni asijione ametupwa.

Wiki zikapita na ukungu wake. Watembezi walitupungia mkono, wakaenda zao. Kisha jioni moja, mawingu ya mvua yakijikusanya, mama mmoja wa Nairobi akabisha hodi, magoti yamechoka. Akakizunguka kibanda mara mbili.

"Kwani mlima iko wapi?"

Nikamwonyesha ukuta mtupu wa nyuma. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Alilala kwetu kwa sababu ya magoti, si kwa sababu yangu.

Asubuhi sikumkuta ndani. Alikuwa ameburuta benchi hadi nyuma ya kibanda, kwenye umande, akajifunga blanketi. Mlima ulikuwa umejifunua wote, theluji yake na wekundu wa kiazi kilichooshwa sasa hivi. Nilisimama pale kama niliyeletwa nchi ngeni.

Mama akaja, chupa ya chai mkononi, jembe begani. Nikajua siku yangu imefika. Lakini kwetu mgeni haachwi anywe chai peke yake, basi akaketi naye. Wakautazama mlima. Chai ikapoa, Mama asiimalize, na chai ya Mama haijawahi kupoa. Baadaye akasema, kwa sauti ya chini, kwamba tangu aolewe hapa ameujua mlima huo kwa baridi inayounguza viazi tu.

Akainuka, akagonga ukuta kwa mpini wa jembe, usawa wa macho ya mtu aliyeketi.

"Toboa hapa," akaniambia. "Iwe kubwa, ya watu wawili."

Kisha akarudi nyumbani na jembe lake.