Kompyuta Iliyong'ata Kwaya

Hortense, mjane kutoka Bukavu, aliuza vitenge mchana, na jioni alirekodi kwaya kwa kompyuta ya mezani nyumbani kwake, katika chumba alichopanga mtaani Katwe. Kompyuta ilirekodi vizuri. Ila iling'ata watu, na ndani ya kila wimbo iliacha mngurumo kama wa nyuki ndani ya mtungi.

Yeye mwenyewe haikumng'ata, kwa kuwa hakuvua kandambili zake za mpira. Wageni walivua viatu mlangoni, kwa adabu, wakakanyaga sakafu ya sementi yenye unyevu. Marlène, mwimbishaji wa kwaya, mdomo wake ulipogusa maikrofoni, alitoa sauti ya juu ambayo hajaifikia tena.

"Kuna roho humo," alisema Pasta Anselme, mlezi wa kwaya. Akaweka mkono juu ya kasha la chuma la kompyuta, akaanza kukemea. Hakumaliza sentensi. Aliketi akipuliza vidole, akasema roho hiyo ni ya kiwango kingine.

Hortense alimtazama miguuni. "Pasta, vaa viatu, ushike tena."

"Hapana, mama. Nimeridhika."

Kesho yake Hortense akamwita Nangila, jirani Mkenya aliyekuwa fundi wa umeme. Nangila akafungua soketi. Tundu la tatu, ambalo kazi yake ni kupeleka ardhini umeme unaovuja, halikuwa na waya nyuma yake.

Mwenye nyumba, Mzee Tarcisio, akaitwa aone.

"Hiyo shimo ya tatu inakuja na soketi," alisema. "Mimi sikuiomba."

"Basi, mzee, vua viatu ushike hilo kasha," alisema Hortense.

Tarcisio akakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumwona kule Luzira. Alitoa ruhusa ya kuchimba uani kwa ajili ya waya huo, akiwa tayari mlangoni.

Nangila alipigilia fimbo ya shaba ardhini nyuma ya jiko, akaiunganisha kwa waya hadi kwenye soketi. Hortense akavua kandambili, akashika kasha kwa mikono miwili. Lilikuwa baridi tu. Akabaki amelishika kitambo, akicheka peke yake.

Jumamosi kwaya ikarekodi. Mngurumo haukuwepo, na sasa ilisikika wazi kwamba wanaume wa sauti ya nne walikuwa wakiimba wimbo wao wenyewe. Pasta alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kama mngurumo ungeweza kurudishwa, hata kidogo.

"Hauwezi, Pasta," alisema Hortense.

Wakaongeza siku ya mazoezi.